Komiki za mashujaa kwa bei chee: ulipie mwezi, ununue mkusanyiko au usubiri furushi?

Mpenzi wa komiki za mashujaa anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe si rahisi apate duka la kuzinunulia karibu naye. Maduka ya vitabu ya mjini yanauza vitabu vya shule, vitabu vya dini, madaftari na riwaya chache. Juzuu ya karatasi ya Marvel au DC, kampuni mbili kubwa za komiki za Marekani, yenye matoleo matano au sita huuzwa Marekani kwa takribani dola 16 hadi 20, na gharama ya kuisafirisha hadi Nyanda za Juu Kusini inaweza kuipita bei ya kitabu chenyewe. Ndiyo maana simu na kishikwambi vimekuwa duka letu na kabati letu.

Habari njema ni kwamba komiki za kidijitali hupunguzwa bei mara kwa mara, na hupunguzwa sana. Tatizo ni kwamba bei chee zipo za aina nyingi na kila moja ina masharti yake. Ipo ya kulipia kila mwezi na kusoma utakacho. Ipo ya kununua kitabu kimoja kimoja siku ya punguzo. Yapo mafurushi ya vitabu vingi kwa malipo mamoja. Zipo pia za bure kabisa, tena za halali. Nimeziweka hapa ubavu kwa ubavu nikizipima kwa jicho la mtu anayenunua bando, anayelipa kwa kadi iliyofunguliwa kwenye simu, na ambaye mtandao wake haulingani kati ya Mwanjelwa na kijijini kwao Rungwe.

Kwangu mimi swali linaloamua ni moja: kitabu hicho utakisoma mara moja na kuendelea na kingine, au utakirudia? Bei inayomfaa msomaji wa kwanza inaweza kuwa hasara tupu kwa wa pili.

Kwa hesabu nyepesi nitachukulia dola 1 ni shilingi 2,500, na GB 1 ya bando ni shilingi 2,000. Toleo moja la komiki nitalihesabia MB 40, na mkusanyiko mzima MB 250 hadi 300. Weka bei ya siku hiyo na ya mtandao wako, mpangilio wa hesabu hautabadilika.

Tuanze na kazi moja tuipeleke kila dukani

Chris Claremont aliandika hadithi za X-Men, kikosi cha mashujaa wa Marvel, kuanzia 1975 hadi 1991. Ndani ya miaka hiyo kuna kipande alichochora John Byrne, toleo la 108 hadi la 143, kati ya 1977 na 1981. Ni matoleo 36, na humo ndimo ilimo hadithi ya Dark Phoenix ya mwaka 1980, matoleo ya 129 hadi 138. Anayetaka kuelewa kwa nini X-Men walipendwa kiasi kile aanzie hapo.

Ukinunua toleo moja moja kwa dola 1.99, bei ya siku nyingi ya matoleo ya zamani, matoleo 36 yatakula dola 71.64, yaani shilingi 179,100. Siku ya punguzo, yakishuka hadi senti 99, ni dola 35.64, sawa na shilingi 89,100. Tayari umeokoa nusu, na bado hujafika kwenye bei nzuri.

Marvel wana mfululizo wa mikusanyiko uitwao Epic Collection, ulioanza 2013, ambao kila juzuu hubeba mamia ya kurasa. Juzuu tatu za mfululizo huo zinakifunika kipande chote cha Byrne, na ya kwanza inaanza nyuma zaidi, kwenye toleo la 94, kwa hiyo unapata na mwanzo wa kikosi kipya. Ukizivizia mpaka kila moja ishuke hadi dola 7, utalipa dola 21, au shilingi 52,500. Yaani vitabu ni vingi kuliko ulivyotafuta, kwa pesa pungufu ya matoleo ya senti 99.

Kisha kuna Marvel Unlimited, huduma ya Marvel ya kulipia mwezi na kusoma utakacho, kwa dola 9.99 kwa mwezi, takribani shilingi 25,000. Matoleo 36 ndani ya siku 30 ni zaidi kidogo ya moja kwa siku. Toleo la Marvel la miaka ile ya sabini lilikuwa na kurasa 17 tu za hadithi, ingawa Claremont anajaza maneno kila kona, kwa hiyo jipe nusu saa. Ni kazi ya kila jioni baada ya chakula. Bando halibadilishi mshindi: matoleo 36 ni kama GB 1.4, chini ya shilingi 3,000.

Kwa kazi hii, msomaji wa mara moja alipie mwezi. Anaokoa nusu ya bei ya mikusanyiko.

Sasa tuhamie kwa Black Panther wa Christopher Priest, matoleo 62 ya mwaka 1998 hadi 2003, uandishi ambao kwa maoni yangu ndio uliompa T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, akili ya mfalme badala ya kuwa askari mwenye vazi zuri tu. Mikusanyiko yake ni juzuu nne. Zikishuka hadi dola 6 kila moja, ni dola 24, yaani shilingi 60,000. Kwa kulipia mwezi, matoleo 62 ndani ya siku 30 ni mawili kila siku bila kukosa. Mwenye shamba, duka au mitihani atahitaji miezi miwili, na hiyo ni shilingi 50,000. Tofauti imebaki shilingi 10,000, na mwisho wa miezi miwili aliyelipia mwezi hana kitabu hata kimoja wakati aliyenunua anavyo vinne. Hapa mimi ningenunua bila kusita.

Kwa hiyo kabla ya kulipa popote, hesabu matoleo unayotaka, ugawe kwa matoleo unayoweza kusoma kwa mwezi kwa ukweli wa maisha yako. Ukipata mwezi mmoja, lipia mwezi. Ukipata miwili, pima. Ukipata mitatu na kuendelea, subiri punguzo ununue.

Kulipia mwezi: Marvel ndiyo, DC bado

Marvel Unlimited ilianza 2007 na sasa ina zaidi ya matoleo 30,000. Matoleo mapya huingia humo takribani miezi mitatu baada ya kutoka dukani. Zamani ulikuwa unaruhusiwa kupakua matoleo 12 tu ya kusoma bila mtandao, lakini programu ilipofanywa upya mwaka 2021 ukomo huo uliondolewa. Badiliko hilo ni kubwa kwa mtu wa huku kuliko kwa mtu wa New York. Unaweza kukaa sehemu yenye mtandao mzuri, ukapakua hadithi nzima, kisha ukapanda basi la Mbeya kwenda Iringa na kusoma njia nzima bila kujali mnara umepotea wapi.

Malipo ya mwaka ni dola 69, sawa na shilingi 172,500. Ukigawa kwa miezi 12 inaonekana rahisi sana, kama shilingi 14,400 kwa mwezi. Lakini dola 69 ni bei ya miezi saba ya kulipia mmoja mmoja. Swali si bei ya mwezi bali ni hili: je, utasoma miezi saba kati ya 12? Mwanafunzi wa chuo cha MUST pale Iyunga, au wa chuo cha Mkwawa kule Iringa, anasoma komiki likizo ndefu na siku chache baada ya mitihani. Kwake mwaka ni pesa inayolala. Alipie mwezi wa likizo, asome mpaka macho yachoke, ajitoe. Mwaka unamfaa yule anayefuatilia hadithi mpya kila wiki, ambaye kusubiri miezi mitatu hakumsumbui.

Jitoe mapema. Usajili hujirudia wenyewe na kukata pesa kwenye kadi. Kwa kawaida ukisitisha siku ileile uliyolipa, unaendelea kusoma hadi mwezi uliolipia uishe. Fanya hivyo hata kama unadhani utaendelea, kwani kulipa tena ni dakika mbili.

Humo hutamkuta Batman wala Superman. Ni nyumba ya Marvel peke yake, na hata Marvel yenyewe si kila toleo limo. Kabla ya kulipa, tafuta hadithi unayoitaka kwenye orodha yao, uone kama imekamilika, na uhakikishe programu inapatikana kwenye duka la simu yako.

DC nao wana huduma yao, DC Universe Infinite. Ilifunguliwa Marekani Januari 2021, mwaka uliofuata ikaingia Kanada, Australia, New Zealand na Uingereza, kisha Brazili na Meksiko. Katika nchi hizo Tanzania haimo. Wapo wanaoshauri kupita kwa VPN, programu inayoficha nchi uliyopo. Sishauri, kwa sababu malipo yako yanaonyesha nchi ya kadi, na akaunti inayofungwa hufungwa na pesa yako ndani. Kwa mpenzi wa DC wa huku, njia yenye uhakika zaidi ni kununua, ambayo ndiyo ninayoipa nafasi kubwa zaidi.

Siku za punguzo kwenye Kindle

Zamani komiki za kidijitali zilikuwa na duka lao kuu, comiXology, lililoanzishwa 2007. Amazon wakalinunua 2014, wakaliunganisha na Kindle, duka lao la vitabu vya kidijitali, 2022, na mwishoni mwa 2023 programu yake ikafungwa. Kwa hiyo leo unaposikia punguzo la comiXology, nenda kwenye Kindle.

Jambo la kwanza linalowakwamisha watu ni kwamba kwenye simu za Android, programu ya Kindle haina kitufe cha kununua tangu 2022. Unafungua tovuti ya Amazon kwenye kivinjari, unanunua huko, kisha kitabu kinajitokeza ndani ya programu. Watu hukata tamaa hapo wakidhani nchi yetu imefungiwa.

Punguzo huzunguka. Leo ni Spider-Man, wiki ijayo Green Lantern. Filamu mpya ikikaribia kutoka, vitabu vya shujaa huyo mara nyingi hushushwa. Julai, wakati wa maonyesho ya komiki ya San Diego, na mwisho wa Novemba, wakati wa Black Friday, ni majira mazuri ya kuangalia. Huna haja ya kupita kila siku. Tovuti ya eReaderIQ hufuatilia bei za vitabu vya Kindle, unaweka kitabu unachokitaka na bei unayoiweza, inakutumia barua pepe bei ikifika. Kwa mtu anayehesabu bando, hilo linaokoa pesa kuliko kupekua duka zima kila jioni.

Ukishapata punguzo, usidanganywe na namba iliyo kwenye jalada. Hesabu bei ya toleo moja. Hadithi ya Year One ya Batman, ya Frank Miller na David Mazzucchelli, ni matoleo manne tu, la 404 hadi la 407 ya mwaka 1987. Ni kitabu kizuri mno, na mtu yeyote anayempenda Batman anakihitaji. Lakini ukikilipia dola 4, umelipa dola 1 kwa toleo. Upande wa pili weka Invincible ya Robert Kirkman, matoleo 144 yaliyotoka kati ya 2003 na 2018, yaliyokusanywa katika juzuu tatu kubwa. Kila juzuu ni wastani wa matoleo 48. Hata ukilipa dola 15 kwa juzuu moja, toleo linakuja kwa senti 31. Kitabu cha dola 15 kimekuwa rahisi mara tatu kuliko cha dola 4. Simaanishi uache Year One. Namaanisha ujue unachokilipia, na kwamba neno "asilimia 70 pungufu" halikuambii chochote mpaka ujue ndani kuna matoleo mangapi.

Mtego mkubwa zaidi ni kununua hadithi moja mara mbili. Ile Dark Phoenix niliyoitaja inauzwa peke yake kama kitabu, imo ndani ya Epic Collection, imo ndani ya mfululizo wa Masterworks, na imo ndani ya Omnibus. Majalada manne, majina manne, kurasa zilezile. Duka halitakuonya kwamba tayari unazo. Kila ukurasa wa bidhaa una maelezo yanayosema "inakusanya" matoleo namba fulani hadi fulani. Soma mstari huo kabla ya bei. Mimi naweka orodha kwenye daftari: jina la mfululizo, mwaka, namba ya kwanza na ya mwisho. Mwaka ni lazima, kwa sababu Marvel na DC huanza upya kuhesabu kutoka namba 1 mara nyingi, na Black Panther namba 1 ziko kadhaa.

Kuhusu umiliki, niseme wazi. Unachonunua kwenye Kindle ni ruhusa ya kusoma ndani ya akaunti yako. Hadi Februari 2025 mtu aliweza kupakua faili kwenye kompyuta na kulihamishia kwenye kifaa chake cha Kindle kwa waya. Amazon waliiondoa njia hiyo tarehe 26 ya mwezi huo. Vitabu ulivyokwisha kupakua ndani ya programu vinasomeka bila mtandao, lakini huwezi kuvitoa na kuviweka popote upendapo. Kwa bei ya kawaida, dola 12 au 16, sharti hilo kwangu ni zito na silipi. Kwa dola 3 au 5 nalipa, kwa sababu hata nikisoma mara mbili tu nimeshafaidi.

Na skrini? Ukurasa wa komiki ulichorwa kwa karatasi kubwa kuliko simu. comiXology walijipatia jina kwa kuonyesha kisanduku kimoja kimoja, simu ikikupeleka kutoka picha hadi picha, na Kindle nao wana namna hiyo kwa vitabu vingi. Inasaidia kwenye simu ya inchi sita. Lakini mchoro wa kurasa mbili zilizoungana, ambao mchoraji aliufanyia kazi wiki nzima, hukatwa vipande. Kama una kishikwambi cha inchi 10, hata cha mkono wa pili, komiki zilezile zitakupa furaha nyingine kabisa. Kati ya kununua vitabu vingi zaidi na kupata skrini kubwa zaidi, ningeanza na skrini.

Furushi: vitabu vingi kwa mkupuo

Humble Bundle, iliyoanzishwa 2010, huuza mafurushi ya vitabu kwa ngazi. Unalipa kidogo unapata vichache, unapanda ngazi unapata vyote, na sehemu ya pesa huenda kwenye misaada. Furushi hukaa sokoni kwa wiki chache kisha huondolewa. Marvel na DC usiwatarajie sana huko. Wanaoonekana zaidi ni wachapishaji kama Image, Dynamite na Valiant. Valiant, walioanza 1989 na kurudi upya 2012, wana mashujaa wao kamili kama X-O Manowar, na kwa mtu aliyechoka kuona hadithi za Spider-Man zikianza upya, ni mahali pa kupumua.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba mafaili mengi huja bila kufuli, ya PDF au CBZ. CBZ ni picha tu zilizofungwa pamoja kwenye zip, na programu nyingi za bure za kusomea komiki huifungua. Ukishapakua, ni lako: liweke kwenye flash, kwenye kompyuta ya nyumbani, kwenye kadi ya kumbukumbu. Hakuna kampuni itakayolifunga. Soma maelezo ya kila furushi, kwa maana mengine hukupeleka kuchukua vitabu kwenye duka jingine lenye masharti yake.

Mpwa wangu anasoma Iyunga. Alinipigia simu akiwa na haraka.

"Shikamoo, mjomba. Kuna furushi la vitabu hamsini kwa dola kumi na nane, linaisha kesho. Nichukue?"

"Marahaba. Hivyo hamsini, unavyovitaka ni vingapi?"

"Vitatu. Labda vinne."

"Na hivyo vinne vikiuzwa peke yake ni bei gani?"

Akakaa kimya, akaenda kuangalia. Vilikuwa vimepunguzwa kwenye duka jingine, vyote vinne havifiki dola 15. Furushi la namna hii ni kama gunia la viazi la lumbesa: linavutia kwa ukubwa, lakini familia ya watu wawili italiozesha nusu. Nilimwambia achukue tu kama anataka mafaili yasiyo na kufuli, kwani hiyo ndiyo thamani ya kweli ya zile dola tatu na ushei za ziada. Alichukua.

Kisha ikaja bando. Vitabu 50 kwa MB 250 kila kimoja ni GB 12.5, yaani shilingi 25,000 kwa kipimo chetu, juu ya shilingi 45,000 za furushi. Hii ndiyo njia pekee kati ya zote ambayo gharama ya kupakua inaweza kuzidi nusu ya bei. Usipakue vyote. Vitabu hubaki kwenye akaunti, chukua vile vinne kwanza, vingine subiri siku ukiwa chuoni au ofisini penye intaneti ya waya na ruhusa ya kuitumia, au tumia bando la usiku.

Za bure, na za kwetu Afrika

Sheria ya Marekani ilizitaka kazi zilizochapishwa kabla ya 1964 zihuishwe hakimiliki baada ya miaka 28. Wachapishaji wengi wadogo wa miaka ya 1940 walikuwa wamekufa au hawakujali, na komiki zao zikawa mali ya umma. Tovuti za Digital Comic Museum na Comic Book Plus zinazihifadhi na unazipakua bure. Humo yumo Black Terror wa 1941, Blue Beetle wa kampuni ya Fox aliyeanza 1939, na Daredevil wa 1940 ambaye hana uhusiano wowote na yule wa Marvel wa 1964. Zina thamani kubwa kwa anayejifunza kuchora, maana unaona ufundi ukizaliwa. Kama mzazi, zisome wewe kwanza. Waafrika, Wajapani na Wachina wamechorwa humo kwa dharau ya wazi, na mtoto wa darasa la tano hapaswi kukutana na picha hizo peke yake.

Mtoto huyo mpe mashujaa wa bara lake. Comic Republic ya Lagos, iliyoanza 2013, ilijijenga kwa kutoa komiki zake bure mtandaoni, na Guardian Prime wao ni shujaa wa Kinigeria kutoka kichwani hadi miguuni. Roye Okupe, Mnigeria pia, alianzisha YouNeek, na tangu 2021 vitabu vyake hutolewa na Dark Horse, kwa hiyo huingia kwenye mapunguzo ya Kindle kama vingine. Afrika Kusini kuna Kwezi wa Loyiso Mkize, wa 2014. Sisi tuliokua na Ndumilakuwili na Kipepe wa jarida la Sani tunajua Mtanzania anavyoweza kuipenda katuni iliyochorwa na mtu anayemfahamu. Natamani kuona shujaa wa Mlima Rungwe au wa Kalenga akiuzwa kwenye maduka hayohayo.

Programu za maktaba kama Hoopla na Libby hutajwa sana na wenzetu wa ng'ambo. Zinadai kadi ya maktaba iliyojiunga nazo, kwa hiyo kwa wengi wetu hazipo mezani. Mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya Telegram, au yanayouzwa kwenye flash, sijayahesabu kama bei chee. Mchoraji hapati hata senti, na kama tunataka siku moja wachoraji wa Iringa walipwe, lazima tuanze kuwalipa wachoraji tunaowapenda sasa.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi mwenye likizo na hamu ya Marvel: mwezi mmoja wa Marvel Unlimited, akiwa na orodha mkononi kabla ya kulipa. Akipenda DC, basi aweke bei zake eReaderIQ na asubiri.

Mwalimu aliyepangiwa kijijini Ludewa au Makete, ambako mtandao unakuja na kuondoka: mafaili yasiyo na kufuli kwanza, mikusanyiko ya Kindle iliyokwisha kupakuliwa baadaye, usajili wa mwezi mwishoni kabisa. Programu za usajili zinahitaji kuingia mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha kwamba bado unalipa, na mwezi mmoja wa mtandao mbovu ni mwezi uliolipia bure.

Mzazi wa Mafinga anayetafutia watoto: za bure za Comic Republic kwanza, aone kama watoto wanapenda kusoma au wanapenda filamu tu. Wakishapenda, anunue juzuu moja nene siku ya punguzo kuliko usajili, kwa sababu watoto hurudia kitabu kilekile mpaka wakikariri.

Mkusanyaji mwenye kipato ana uhuru wa kuchanganya. Mimi ningemshauri mwezi wa usajili utumike kama sehemu ya kuonja: asome haraka, aandike vile vilivyomgusa, ajitoe, kisha avivizie hivyo tu kwenye punguzo.

Kwa malipo, kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard unayofungua kwenye huduma yako ya pesa ya simu inatosha kwa njia nyingi. Weka humo kiasi cha ununuzi huo na ziada kidogo ya kodi na tofauti ya kubadilisha fedha, usiache salio kubwa. Ukikataliwa mara ya kwanza, angalia salio na anwani uliyoandika kabla ya kujaribu tena. Nunua siku ambayo mtandao ni mzuri, pakua palepale, fungua kila kitabu ukurasa wa kwanza na wa mwisho uone kimekamilika. Faili bovu hushughulikiwa haraka ukilalamika mapema, kabla hujapanda gari la kwenda kijijini.